Tupeni viraka bila kutuhamisha nyumba

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Najua ukurasa wa barua ni mdogo na mnapenda zilizo fupi, ila hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, naomba mnivumilie. Siku si nyingi mlitoa makala ya mwandishi mmoja aliyesema watumiaji wa kompyuta wa nchi hii ni wazito kuapdeti, eti tunang'ang'ania matoleo ya zamani ndio maana tunaingiliwa na wadukuzi, na dawa yake ni toleo jipya likitoka tulipokee siku hiyo hiyo. Nimeisoma mara mbili. Kuna mahali amesema kweli tupu na nitamuunga mkono hapa chini, ila sehemu kubwa ameandika kama mtu ambaye bando analipiwa na ofisi na kompyuta ikigoma kuna fundi wa ofisi anakuja mezani kwake.

Mimi nina steshenari hapa Morogoro, huu mwaka wa 14. Kompyuta 4, printa 2, mashine ya fotokopi 1 na binti mmoja anayenisaidia. Kazi zetu mnazijua, barua za maombi ya kazi, CV, ripoti za wanafunzi wa chuo, kuskani vyeti, kadi za michango ya harusi, fomu za mikopo ya elimu ya juu na za ajira zinazojazwa mtandaoni. Ukiacha hizo fomu za mtandaoni, hapo hakuna kazi hata moja ambayo kompyuta ya mwaka 2005 ilikuwa haiiwezi. Barua ya maombi ya kazi ni ukurasa mmoja tangu enzi za taipureta, anwani kulia, "Yah" katikati, sahihi chini. Sasa tazama mashine inayotakiwa kuiandika. Windows XP iliyotoka Oktoba 2001 ilikubali kukaa kwenye kompyuta yenye ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya MB 64. Windows 11 iliyotoka Oktoba 2021 inataka isiyopungua GB 4, yaani mara 64 ya ile, na aliyewahi kuifanyia kazi kwenye hizo GB 4 anajua unabonyeza halafu unasubiri. Miaka 20 imepita, ramu imezidi mara 64 na barua ni ile ile ukurasa mmoja.

Nakubali picha zimekuwa kubwa, kuna video, kurasa za intaneti zimekuwa nzito, kwa hiyo sio haki kusema ramu yote hiyo imepotea bure. Lakini hili sio langu mimi wa steshenari peke yangu. Niklaus Wirth, yule Mswisi aliyetengeneza lugha ya Pascal ambayo wengi waliosoma kompyuta vyuoni waliianzia, mwaka 1995 aliandika kwamba programu zinakuwa nzito kwa haraka kuliko kompyuta zinavyoongezeka kasi. Na sababu mojawapo aliyoitaja ndio hiyo inayotuuma sisi, kwamba watengenezaji wanarundika kila kitu kwenye programu moja, kila mteja analipia vyote halafu anatumia vichache sana. 1995 hiyo, Windows 95 ndio inatoka.

Kuna mzee mmoja hapa mtaani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, wote tunamwita Mwalimu. Alipostaafu alikuja dukani akaniambia, mwanangu nataka nijifunze kuchapa mwenyewe, nimechoka kuandikiwa na watu. Tukaanza na kuwasha, kushika mausi, herufi kubwa herufi ndogo, baada ya miezi kama 3 akawa anachapa kumbukumbu za vikao vya ukoo na barua zake za kufuatilia mafao, peke yake, mimi nahudumia wengine. Sasa Mwalimu hakujifunza kila kitu kinaitwaje, alijifunza kiko wapi. Kitufe cha tatu kutoka kushoto ndio cha kukoza maandishi, cha kuprinti kipo juu chenye kapicha ka printa, kusevu ni kale ka mraba. Vyote alivichora kwenye daftari la mistari kwa ule mwandiko mzuri wa walimu wa zamani, kila ukurasa una mchoro na mishale. Halafu mimi nikaapgredi programu ya kuandikia, kwa nia njema kabisa, jina lake silitaji. Jumatatu Mwalimu akaja, akakaa, akafungua daftari, akatazama skrini, akatazama daftari, akatazama tena skrini. Nikamwamkia shikamoo Mwalimu, akaitika marahaba kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wamehamisha?"

Nilimwelekeza. Alirudi mara mbili tatu akijitahidi, tena siku moja alikuja na daftari jipya kabisa, lakini nguvu ile ya mwanzo haikuwepo tena. Sasa hivi anamtuma mjukuu wake na karatasi iliyoandikwa kwa mkono nimchapie. Ananilipa, hela napata, lakini kila nikipokea ile karatasi naumia, kwa sababu yule mtu alikuwa anajua kuchapa na mimi ndiye nilimnyang'anya, na faida aliyoipata kwenye toleo jipya hadi leo sijaiona. Barua zake zinatoka vile vile.

Mwandishi wenu atasema huyo ni mzee. Haya, muulize karani yeyote aliyekuwa ofisini mwaka 2007 wakati Office, zile programu za ofisi za Microsoft kama Word, ilipoondoa menyu zote za juu zilizozoeleka na kuweka ule utepe wa vitufe, na siku hiyo hiyo faili za Word zikaacha kuwa doc zikawa docx, kwa hiyo mwenye Office 2003 akiletewa kazi kwenye fleshi haifunguki mpaka adaunilodi kifurushi kingine cha kuongezea. Muulize aliyenunua kompyuta yenye Windows 8 mwaka 2012 akakuta kitufe cha Start hakipo, kitufe ambacho dunia nzima ilianza nacho tangu 1995. Watu walilalamika kila kona, mwaka uliofuata kwenye 8.1 wakakirudisha kitufe, na menyu yenyewe ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Kwa hiyo kwa miaka karibu 3 watu wazima wenye akili zao walikuwa wanatafuta mahali pa kuzimia kompyuta, halafu kilichoitwa maendeleo kikafutwa na waliokileta. Muda ule wa watu nani aliurudisha?

Lililoniumiza mfuko ni la kadi za harusi. Tuna programu ya kusanifu kadi, kampuni yake naiacha, ambayo huko nyuma ilikuwa ukiinunua ni yako, baadaye ikawa ya kulipia kila mwezi na ikawa inajiapdeti yenyewe ukiwa na intaneti. Asubuhi moja binti yangu wa dukani ameifungua, ikajibadilisha, tukaona sawa. Kulikuwa na kazi ya kadi 300 za mwaliko, mteja alishaikubali sampuli wiki moja kabla, sisi tukafungua faili tukaprinti zote. Toleo jipya lilikuwa limebadilisha fonti moja likaweka nyingine inayofanana nayo ila pana kidogo, mstari ukashuka, jina la ukumbi likaingia juu ya saa ya kuanza sherehe. Kwenye skrini ndogo hukioni, kwenye kadi ngumu unakiona. Kadi 300 za karatasi nzito, wino, siku nzima, na mama wa bwana harusi amesimama mlangoni. Nilirudia zote kwa hela yangu. Kwenye maelezo ya lile toleo waliandika kwamba wameboresha namna ya kushughulikia fonti, na huenda ni kweli, kuna mtu mahali fulani limemfaa, lakini mimi sikuulizwa, sikujua, na njia ya kurudi kwenye toleo la jana haikuwepo.

Hii habari ya kulipia kila mwezi naigusa tu nipite. Adobe waliacha mwaka 2013 kutoa matoleo mapya ya kununua moja kwa moja ya programu zao kubwa kama Photoshop, tangu hapo hizo ni za kukodi. Microsoft nao Januari 2025 wameongeza akili bandia yao ndani ya Office ya kukodi na bei ya mtu mmoja kule Marekani ikapanda kutoka dola 6.99 kwenda 9.99 kwa mwezi. Sasa mtu anayechapa barua na kupiga hesabu za kikoba, hiyo akili bandia nani alimuuliza kama anaihitaji kabla ya kuongezewa bei?

Sasa nije kwenye ukweli wa mwandishi wenu, kwa sababu kwenye hili yuko sahihi na sitaki mtu asome barua yangu akaenda kuzima apdeti. Wenzangu wa steshenari wanakumbuka enzi za virusi vya fleshi. Mwanafunzi anachomeka fleshi yake, kabla hujagusa chochote kirusi kimeshaingia kwenye kompyuta yako, mwingine anachomeka ya kwake anaondoka nacho, jioni chuo kizima kinacho. Ilikuwa hivyo kwa sababu Windows iliruhusu fleshi kujiendesha yenyewe ikichomekwa tu, na kirusi kilichoitwa Conficker, kilichoanza mwishoni mwa 2008, kilitumia mlango huo pamoja na mingine. Februari 2011 Microsoft wakasambaza apdeti kwa Windows XP na Vista iliyofunga ule mlango. Haikubadilisha rangi, haikuhamisha kitufe, hakuna mteja aliyegundua kwamba kuna kitu kimetokea, wengi hadi leo hawajui. Mimi nasema hiyo ni moja ya apdeti zenye faida kubwa ambazo mtu wa kawaida amewahi kupewa. Virusi vya fleshi havikuisha, vile vya kuficha folda na kuweka shotikati bado tunavyo, lakini kuambukizwa kwa kuchomeka tu kulipungua sana.

Halafu kuna ile ya Mei 2017, WannaCry. Kirusi kinafunga mafaili yako yote kinadai dola 300 kwa bitcoin, ile pesa ya mtandaoni, ndio ufunguliwe. Kilianza Ijumaa tarehe 12 Mei, ndani ya siku chache kiko kwenye nchi kama 150, Uingereza hospitali za serikali zikaanza kurudisha wagonjwa nyumbani na kuahirisha upasuaji kwa sababu kompyuta hazifunguki. Kirusi hicho kilipita kwenye tundu la usalama ndani ya Windows, na kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu lile, Microsoft walishakitoa tarehe 14 Machi, karibu miezi 2 kabla. Kompyuta nyingi zilizopata kile kirusi zilikuwa za Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwepo na ni bure kabisa, kilichobaki ni mtu kukiweka. Kwa hiyo anayesema tusiapdeti anatudanganya, tena anatuweka hatarini.

Lakini mwandishi alitakiwa ajiulize swali moja zaidi, kwa nini watu hawakukiweka hicho kiraka? Yeye amejibu uvivu. Mimi nakaa na hawa watu kila siku, sio uvivu. Ni kwamba kiraka hakiji peke yake. Kinakuja kwenye mfuko mmoja na mapambo, na vitufe vipya, na programu ambazo hukuziomba, na kujizima na kujiwasha katikati ya kazi, na GB kadhaa za kudaunilodi. Ni kama umeita fundi aje azibe bati linalovuja, anapanda anaziba vizuri, akishuka anaingia ndani anahamisha kabati, anapeleka jiko sebuleni, anabadilisha kitasa cha mlango, halafu anakuandikia bili. Mara ya pili bati likivuja humuiti. Unaweka ndoo.

Na hiyo ndoo ndio hali yetu. Ukipeleka kompyuta kwa fundi akupigie Windows, akimaliza anakwambia kabisa, "nimekuzimia na apdeti zisikusumbue", na mteja anashukuru, anaona amefanyiwa huduma ya ziada. Wengine Windows yenyewe ni ya kreki, yaani haijalipiwa, wanaogopa ikiapdeti itagundulika na skrini itakuwa nyeusi, hilo nalo tuliseme wazi maana limejaa mitaani. Wengine ni bando tu, unaunga kompyuta kwenye hotspoti ya simu utume imeili moja ya mteja, kumbe nyuma yake inashusha apdeti, bando la wiki linaisha kabla imeili haijaondoka. (Kwa ambaye hajui, kwenye Settings za Windows ukifungua ile Wi-Fi unayotumia kuna sehemu ya Metered connection, iwashe ukiwa unatumia hotspoti, itaacha kushusha mafaili mengi makubwa hadi ukipata intaneti nzuri. Usizime apdeti kabisa, washa hiyo.)

Tena hofu ya watu haikutoka hewani. Oktoba 2018 apdeti kubwa ya Windows 10 ilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji kwenye folda zao za Documents na Pictures, Microsoft wakaisimamisha wakairekebisha ndio wakaitoa upya. Machi 2021, na hili lilitugusa watu wa kazi yetu dunia nzima, apdeti ya mwezi ule iliifanya kompyuta ianguke kwenye skrini ya bluu mtu akibonyeza kuprinti kwenye baadhi ya printa za Kyocera, Ricoh na Zebra, marekebisho yakatoka ndani ya wiki moja. Wiki moja kwa mtu anayeishi kwa kuprinti ni ndefu jamani. Na tarehe 19 Julai 2024 faili moja tu la apdeti la kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 kwa mkupuo, ndege zikakaa chini, mabenki na hospitali zikasimama. Hao ni wakubwa wenye mafundi wao wa kulipwa mishahara. Sasa mtu ambaye kompyuta yake ni moja na faili za tasnifu yake zimo humo humo hana kopi nyingine, akisema ngoja kwanza nimalize chuo ndio niapdeti, utamwita mvivu?

Na sasa limekuja kubwa kuliko yote, la Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wameacha kuipa viraka vya bure vya kawaida. Dawa wanayoisema wao ni kuhamia Windows 11, ila Windows 11 haikubali kompyuta yoyote tu, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa upande wa Intel prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwa kawaida kuanzia kizazi cha 8, na kizazi hicho kilianza kutoka 2017. Nenda mtaa wowote unaouza kompyuta za mtumba, Morogoro, Kariakoo, Mwanza, popote, uangalie kilichopo mezani kwa mtu wa hela ya kawaida. Kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Mashine nzima, nzuri, inawaka, kibodi ina herufi zote, ukiiwekea SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, inakimbia. Inachapa barua vizuri tu. Kwa maelezo ya kampuni mashine hiyo imefika mwisho, na ukweli ni kwamba haijafika mwisho wowote, kilichokoma ni viraka. Mafundi wanajua njia za kuilazimisha ikubali Windows 11, wanafanya, lakini Microsoft wanasema kompyuta ya namna hiyo hawaahidi itaendelea kupata apdeti, kwa hiyo umerudi kwenye ndoo.

Hapa ndio nataka wasomaji watulie waone kitu. Kwa walioshindwa kuhama, Microsoft wametoa viraka vya mwaka mmoja zaidi, mpaka Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30, au ukiunganisha kompyuta yako na akaunti yao ukahifadhi mipangilio yako kwao, au kwa pointi zao za zawadi 1,000. Vyama vya kutetea watumiaji huko Ulaya vikapinga, vikasema huwezi kumfungia mtu usalama wake kwenye masharti, na Septemba 2025 Microsoft wakakubali kwa watu wa eneo la uchumi la Ulaya waondoe hayo masharti ya kulipa au kuhifadhi mipangilio, wapewe bure, ingawa akaunti ya Microsoft bado inatakiwa. Bure, kompyuta zile zile, kizazi kile kile cha 5 na cha 6. Sisi huku masharti yamebaki.

Kwa hiyo inawezekana. Kiraka peke yake, bila mapambo, kinawezekana. Na sio jambo jipya, kuna toleo la Windows 10 wanaloliuza kwa makampuni makubwa na viwanda linaitwa LTSC, halibadiliki sura, halipokei vitu vipya, linapokea viraka tu miaka nenda rudi. La mwaka 2019 limeahidiwa viraka mpaka Januari 2029. Nikilisikia hilo huwa natulia kimya kidogo, maana yake walishaelewa kwamba mashine ya hospitali au kiwanda haifai kuhamishiwa vitufe kila mwaka, ila karani wa kijiji, mwalimu wa sekondari na mwenye steshenari wao wahamishiwe tu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwandishi wenu ni kwamba swali la je tuapdeti au tusiapdeti limekaa vibaya. Kuziba matundu kunamfaa kila mtu na kufanywe haraka. Kubadilisha sura na kuongeza uzito kunamfaa anayeuza kompyuta mpya na wachache wenye kazi za kisasa sana, na hao wapewe, siwanyimi, lakini iwe hiari ya mtu na iwe na mlango wa kurudi nyuma. Ubaya wote unatoka kwenye kuvifunga viwili hivi kamba moja. Na kwenye simu ni hayo hayo, Apple mwaka 2017 walikiri apdeti zao zilipunguza kasi ya iPhone za zamani zenye betri iliyochoka, na Ufaransa mwaka 2020 ikawatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia watu.

Ulaya waliomba wakapewa, sisi nani ametuombea? Tuna Tume ya Ushindani ambayo kumlinda mlaji ni kazi yake kisheria, na tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukijumlisha Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na wengine hao ni watu wengi kuliko nchi nyingi za Ulaya zikiwekwa pamoja. Barua moja ya pamoja kuomba masharti yale yale waliyopewa Wazungu haigharimu kitu. Na taasisi zetu zenye mifumo ya mtandaoni nazo naziomba, kabla ya kuweka mfumo mpya wa maombi hebu waujaribu kwenye kompyuta ya kizazi cha 3 yenye GB 4 na intaneti ya hotspoti, kwa sababu hiyo ndio itakayotumiwa na mtoto wa mkulima kuombea mkopo. Tangu Februari 2023 Chrome mpya, ile programu ya Google ya kufungulia intaneti, haiingii tena kwenye Windows 7, na shuleni bado kuna Windows 7.

Mimi kwenye kompyuta yangu moja iliyokuwa imechoka nimeweka Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice badala ya Office, vyote bure, binti wa dukani aliizoea ndani ya siku 4 na viraka vinaingia kimya kimya, anaviweka jioni tukifunga. Siwezi kusema inamfaa kila mtu, printa yangu moja ilinisumbua wiki nzima kukubaliana nayo na kazi nyingine za wateja zinavunjika mistari zikifunguliwa humo. Ila inachapa barua. Na jamani tulishawahi kuwa na yetu, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, menyu zote. Nawaza mtu kama Mwalimu angekuwa na ile, hana haja ya kuchora mishale, anasoma tu pameandikwa nini hata kikihamishwa.

Nimalizie na ombi kwako wewe Mhariri. Apdeti za Windows zinatoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa saa zetu ni kama saa 2 au saa 3 usiku, kwa hiyo Jumatano asubuhi ndio zinakutana na sisi tunapofungua maduka. Maelezo yake yote ni ya Kiingereza kigumu hata kwa mwenye digrii. Mimi huwa nayasoma kwa shida, nikiona vyombo vya habari vya nje havijaripoti balaa kwa siku 2 au 3 naandika kwa maka peni kwenye karatasi ya A4 naibandika mlangoni, "mwezi huu weka, ni ya kuziba matundu" au "subirini Jumatatu, ina shida na printa", na nimeona watu wanaipiga picha kwa simu wanawatumia wenzao. Tunaomba gazeti lenu litenge safu ndogo ya kila mwezi, wiki hiyo hiyo, mistari 10 inatosha, imetoka apdeti gani, inaziba nini, inabadilisha nini, ina ukubwa gani wa bando, nani asubiri. Mna waandishi wanaojua mambo haya, huyo wa makala anafaa kabisa, na mkikosa mtu niko tayari kuwaletea karatasi yangu ya mlangoni bila malipo.

Wenu,
Mwenye steshenari,
Morogoro